Amplifaya ya Valvu ya Kujenga Mwenyewe: Mwongozo Kamili kwa Fundi wa Tabora

Ukimwambia mtu hapa Tabora kwamba unataka kujenga amplifaya ya valvu, zile chupa za kioo zilizokuwa zikikuza sauti kwenye redio za zamani, swali lake la kwanza ni valvu utazitoa wapi. Swali la haki, ila si gumu. Valvu bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China, unaagiza, zinafika. Kigumu ni transfoma ya kutolea sauti, ile inayokaa kati ya valvu na spika. Hiyo ndiyo huamua kama besi itasikika au itafia njiani, na hiyo ndiyo wengi huibania pesa na muda. Kwa hiyo usishangae sehemu ya transfoma kuwa ndefu kuliko zote humu.

Nachukulia unajua kulehemu, kusoma rangi za rezista na kutumia mita. Kama bado, anza na vitu vya volti 12, hiki kisubiri.

Tunajenga nini

Amplifaya ya stereo. Kila upande una valvu moja ya nguvu, EL84, inayosukumwa na nusu ya valvu ndogo, ECC83. ECC83 ina valvu mbili ndani ya chupa moja, kwa hiyo moja inatosha pande zote mbili. Jumla ni chupa tatu tu.

Kwenye amplifaya za kawaida valvu au transista mbili hugawana kazi, moja inasukuma wimbi juu na nyingine inalivuta chini. Hapa EL84 moja inabeba wimbi zima peke yake, kwa hiyo mkondo unapita ndani yake muda wote, muziki uwepo usiwepo. Huo ndio mtindo wa klasi A. Gharama yake ni joto: ukutani utavuta kati ya wati 50 na 60, spika zitapata kama wati 5 kila moja. Anodi ya EL84, yaani bati la ndani linalopokea mkondo, inavumilia wati 12, na klasi A haiwezi kutoa zaidi ya nusu ya hizo.

Wati 5 zinatosha? Inategemea spika. Spika zenye wepesi (sauti zinayotoa kwa wati moja, ukipima mita moja mbele yake) wa desibeli 92 na kuendelea zitajaza sebule. Vispika vidogo vya kompyuta vya desibeli 84 vitakusononesha. Spika pana za kwenye makabati ya zamani ya redio na gramafoni huwa nyepesi mno kusukumwa, ndiyo maana redio ya valvu ya wati 3 ilisikika mpaka kwa jirani.

Umeme wa ndani unaua

Ndani ya hiki chombo kuna DC ya volti 260 hadi 320. Inakaa kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa plagi. Kanuni ni chache na hazina mjadala. Ukipima kikiwa kimewashwa, mkono mmoja unashika ncha ya mita, mwingine mfukoni. Kabla ya kugusa chochote, zima, chomoa, subiri dakika moja, kisha pima volti kwenye kapasita kubwa. Zikizidi 30 subiri tena. Vaa viatu vyenye soli ya mpira. Watoto wasiwepo chumbani.

Na jambo moja ambalo nimelisikia kwa mafundi wenye haraka: kuchukua umeme wa ukutani moja kwa moja kwenye diodi ili kuokoa bei ya transfoma. Usifanye. Chasisi nzima inakuwa hai, na siku plagi ikigeuzwa, anayegusa waya wa simu uliochomekwa kwenye amplifaya ndiye anayeunganishwa na nguzo. Lazima kuwe na transfoma inayotenganisha.

Angalia pia ethi ya nyumba. Nyumba nyingi zina soketi ya pini tatu lakini nyuma yake waya wa ethi haupo. Pima kati ya laivu na ethi. Zikikosekana volti za kueleweka, mwite fundi umeme achimbie fimbo ya ethi kwanza.

Kuchagua valvu

Redio za mbao zilizokaa kwenye stoo za wazee ni hazina, lakini jifunze kusoma majina. Kwa valvu za Ulaya, herufi ya kwanza inaeleza hita, yaani waya wa ndani unaoipasha valvu joto: E ni volti 6.3, D ni volti 1.4 za betri. P ni za kuunganishwa mfululizo kwa miliampia 300, U kwa miliampia 100. Herufi zinazofuata zinaeleza kazi: C ni triodi (valvu ya elektrodi tatu), CC triodi mbili, L pentodi (ya elektrodi tano) ya nguvu, Z ya kunyoosha umeme. Kwa hiyo EL84 ni pentodi ya nguvu ya volti 6.3, na tarakimu 8 inasema ina kitako cha pini tisa.

Huku kwetu redio nyingi za zamani zilitumia betri, kwa hiyo utakutana sana na DL94, DL96 na ndugu zao. Hizo ni nzuri kwa makumbusho, si kwa kazi hii. Zenye U hutoka kwenye redio zisizo na transfoma, zile za chasisi hai. Ukikuta redio ya hivyo usiichomeke kabisa. Zenye P ni za televisheni, na kwa kuwa Tanzania Bara ilianza kuona televisheni zake miaka ya 1990, hazipatikani sana huku.

Ukipewa EL84 iliyotumika, ipeleke juani uitazame kichwani. Ndani ya kioo kuna doa la fedha linalong'aa. Likiwa la fedha au limeingia wekundu wa kahawia pembeni, ombwe bado lipo. Likiwa jeupe la maziwa, hewa imeingia, hiyo tupa. Usiisugue kioo kwa kitambaa chenye maji, maandishi yatafutika na hutajua tena ulichoshika. Safisha pini tu. Valvu ya Kirusi 6P14P inaingia mahali pa EL84 bila kubadili chochote, na ECC83 ndiyo hiyo hiyo Wamarekani wanayoiita 12AX7.

Nunua EL84 mbili za mtengenezaji mmoja. Sababu itaonekana kwenye hita.

Ugavi wa umeme

Transfoma maalumu ya valvu ni ghali na ni nzito kusafirisha kutoka Dar. Njia ya mkato iliyo salama ni kutumia transfoma mbili za kawaida za volti 12 zinazotazamana. Ya kwanza inashusha 230 hadi 12. Iwe ya ampia 8, yaani VA 100. Ya pili, ya ampia 5 au 6, inafungwa kinyume: volti 12 zinaingia upande mdogo, zinatoka upande mkubwa. Hazitafika 230, kwa sababu transfoma ikigeuzwa hasara zake nazo hugeuka. Utapata 180 hadi 205 ikiwa imebeba mzigo, na hizo ndizo tunazotaka.

Volti 12 za katikati zinawasha pia hita. Hita za EL84 mbili zinafungwa mfululizo, kila moja inachukua nusu. Ndiyo maana zinatakiwa pacha, vinginevyo moja itanyonya zaidi ya mwenzake. Hita ya ECC83 inakubali volti 12 ukitumia pini 4 na 5, pini 9 inaachwa. Kila upande wa hizi volti 12 weka rezista ya omu 220, nusu wati, kwenda kwenye graundi. Bila hizo rezista mbili utapata mvumo ambao utautafuta wiki nzima.

Kutoka transfoma ya pili, panga hivi: fyuzi ya miliampia 250, bridji ya diodi nne za 1N4007, kapasita ya maikrofaradi 100 ya volti 450, choki (koili ya kulainisha umeme), kisha kapasita nyingine ya maikrofaradi 100 ya volti 450. Usishawishike na kapasita za volti 350. Sekunde za kwanza valvu zikiwa bado baridi hakuna mzigo, na umeme unapanda juu ya 310.

Choki usinunue. Tumia ile ya chuma ya taa ya tyubu ya wati 36 au 40, nzito, ya zamani, si ya elektroniki. Ina takriban henri 1, inabeba mkondo mkubwa kuliko wetu wa miliampia 110, na sasa watu wanazitupa kwa kuwa taa zimehamia LED. Ikiunguruma, iweke juu ya kipande cha ndala.

Sambamba na kapasita ya pili weka rezista ya kiloomu 100 ya wati 2. Hiyo ndiyo inayonyonya chaji ukizima. Kisha kutoka hapo, rezista ya kiloomu 10 ya wati 1 kwenda kapasita ya maikrofaradi 22 ya volti 450: huo ni umeme safi wa ECC83, utakaokuwa karibu na volti 250.

Upande wa ukutani weka fyuzi ya ampia 1 ya kuchelewa, na swichi inayokata laivu.

Transfoma ya kutolea sauti

Hapa ndipo penyewe. EL84 inataka kuona mzigo wa kama omu 5,000, spika ina omu 8. Uwiano wa raundi ni kipeuo cha pili cha 5,000 gawanya kwa 8, ambacho ni 25. Raundi 25 praimari (koili ya upande wa valvu) kwa kila raundi 1 sekondari (koili ya upande wa spika). Hiyo ni nusu ya habari.

Nusu ya pili ni kwamba mkondo wa DC wa valvu, karibu miliampia 45, unapita kwenye praimari muda wote na kukisumaku kiini upande mmoja. Ukitumia transfoma ya kawaida ambayo bati zake zimefumwa kwa kupishana, kiini kitashiba, praimari itapoteza indaktansi yake, ile inayopimwa kwa henri, na besi itatoweka. Dawa ni mwanya mwembamba kwenye chuma. Kwa hiyo transfoma za laini ya volti 100 zinazofungwa kwenye honi za misikiti na makanisa, ambazo wengine wanazipendekeza, zinafaa kwa majaribio tu, hazina mwanya. Ya kutoka redio ya zamani ya EL84 ina mwanya na uwiano sahihi, lakini ni ndogo. Itumie kuthibitisha kwamba saketi yako inafanya kazi, wakati unasuka yako.

Chuma kizuri kipo kwenye UPS mbovu za kompyuta. Transfoma zake sipendi kuzitumia kama zilivyo, kwa sababu zimetengenezwa kwa dakika chache za kazi na huchemka zikiwashwa jioni nzima. Bati zake ni jambo jingine. Tafuta yenye ulimi wa katikati wa milimita 32 na unene wa milimita 32. Nyingi zimechomelewa mstari pembeni ambapo bati za umbo la E zinakutana na za umbo la I. Kata mstari huo polepole kwa grainda, bila kuchoma bati, na utakuta E zote ziko upande mmoja na I zote upande wa pili. Ndivyo hasa tunavyotaka.

Waya utaupata kwa mafundi wa kusuka mota na feni: milimita 0.25 kwa praimari, milimita 0.75 kwa sekondari, wa shaba wenye vanishi. Kwa transfoma moja praimari itakula kama mita 410, kwa hiyo nunua kwa uzito, usinunue kwa macho. Waombe pia karatasi yao ngumu ya kuhami.

Mpangilio ni huu, kutoka ndani kwenda nje: praimari raundi 625, sekondari raundi 50, praimari 1,250, sekondari 50, praimari 625. Jumla ni 2,500 kwa 100. Tunazichanganya hivi ili sauti kali za juu zisipotee. Ukisuka praimari yote chini na sekondari yote juu, utapata sauti ya kuziba. Kila tabaka la praimari linabeba kama raundi 150. Baada ya kila tabaka weka mzunguko mmoja wa tepu ya njano nyembamba, ile iliyo ndani ya transfoma za televisheni na chaja. Kati ya praimari na sekondari weka karatasi ngumu, jumla ya milimita 0.3, na hakikisha inafika hadi kwenye kuta za bobini. Hapo kuna volti mamia upande mmoja na spika ya kushika kwa mkono upande wa pili.

Suka zote kuelekea upande mmoja. Mwisho wa kipande cha kwanza cha praimari unaungana na mwanzo wa cha pili, mwisho wa cha pili na mwanzo wa cha tatu. Sekondari vivyo hivyo. Kila ncha inapotoka, ivalishe mrija wa plastiki na uiandike kwa kalamu papo hapo. Kumbukumbu haiaminiki ukifika raundi ya elfu mbili.

Kuhesabu ndiko kunakowashinda watu. Chukua kikokotoo cha bei rahisi, kifungue, toa nyaya mbili kutoka kwenye kitufe cha alama ya sawasawa. Andika 1 jumlisha 1, kisha kila mpini unapozunguka ukigusanisha zile nyaya, namba inaongezeka moja. Piga kitufe mwenyewe mara kadhaa uone kinaanza kuhesabu wapi. Mtu akikuita hapo katikati, mwitikie, namba inabaki.

Ukimaliza, ingiza E zote upande mmoja, weka karatasi moja ya fotokopi ya gramu 80 juu ya ndimi zote tatu, kisha I juu yake, na ubane kwa bolti. Karatasi hiyo ina unene wa kama milimita 0.1. Kwa kuwa sumaku inavuka mwanya mara mbili katika mzunguko wake, jumla ni milimita 0.2. Kwa chuma hiki, mwanya huo unaacha henri zaidi ya 20 kwenye praimari, na unahitaji kama 15 tu ili besi ya hezi 50 ipite salama.

Sasa ipime kabla ya kuiamini. Weka volti 12 za AC kwenye praimari nzima. Sekondari isome karibu 0.48. Ikisoma sifuri, nusu mbili za sekondari zinapingana, geuza moja. Ikisoma mbali na hapo, ama hesabu ya raundi imekosewa, ama kipande kimojawapo cha praimari kimefungwa kinyume. Pima pia omu: praimari kama 140 hadi 150, sekondari chini kidogo ya omu 1. Kati ya praimari na sekondari, na kati ya kila moja na chuma, mita isione chochote.

Kisha nta. Tuko Tabora, nta ya nyuki haitusumbui kuipata. Iyeyushe kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Zamisha koili iliyokwisha kupashwa joto, acha mpaka mapovu yaishe, itoe idondoke. Nta inazuia unyevu wa masika na inanyamazisha bati zisiimbe. Nta huyeyuka karibu na nyuzi 63, na transfoma hii haifiki huko kwa sababu hasara yake haizidi wati moja. Transfoma za ugavi ndizo zinazochemka. Hizo achana nazo na nta.

Chasisi

Bati la alumini la milimita 1.5 au 2, na pembeni mbao za mninga. Karakana yoyote ya samani mjini ina vipande vilivyobaki, na mninga hautanuki wala kusinyaa ovyo karibu na joto. Soketi za pini tisa za kauri kwa kawaida zinataka tundu la milimita 22. Pima yako kwanza.

Transfoma za ugavi na choki ziwe upande mmoja, za kutolea sauti upande wa mbali. Kabla ya kutoboa, washa transfoma ya ugavi peke yake, unganisha mita kwenye praimari ya transfoma ya sauti, weka kipimo cha AC kidogo kabisa, kisha zungusha transfoma ya sauti mezani. Namba itapanda na kushuka. Ifunge pale inaposhuka zaidi. Dakika kumi hizo zinaondoa mvumo ambao hakuna kapasita itakayouondoa baadaye.

Acha nafasi ya vidole viwili kati ya EL84 na mbao, na toboa matundu ya hewa chini na juu. Mwezi wa kumi chumba chenyewe kina joto la kutosha.

Kufunga nyaya

Ukiitazama soketi kwa chini, anzia kwenye pengo na uhesabu pini kufuata mshale wa saa. EL84: 2 ni gridi (mlango wa sauti), 3 kathodi (inayotoa elektroni), 4 na 5 hita, 7 anodi, 9 gridi ya pili. Pini 1, 6 na 8 usizitumie hata kama pegi la kuunganishia vitu, kwa ndani zimeunganishwa. ECC83: 1 anodi, 2 gridi, 3 kathodi kwa nusu ya kwanza, 6, 7, 8 kwa nusu ya pili.

Sauti inaingia kwenye volyumu ya kiloomu 100 ya logi, inatoka hapo kwenda gridi ya ECC83. Kathodi yake ina rezista ya omu 1,500 kwenda graundi, bila kapasita. Anodi inapata umeme kupitia kiloomu 100. Kutoka anodi hiyo, kapasita ya filamu ya nanofaradi 47, volti 630, inavusha sauti kwenda EL84. Upande wa EL84 kuna rezista ya kiloomu 470 kwenda graundi, na rezista ya kiloomu 1 iliyolehemewa juu ya pini 2 yenyewe. Kathodi ya EL84 ina omu 150 ya wati 2, sambamba na kapasita ya maikrofaradi 220 ya volti 25. Gridi ya pili inapata umeme kutoka kapasita ya pili ya ugavi kupitia kiloomu 1 ya wati 1, na kapasita ya maikrofaradi 22 ya volti 450 kutoka pini 9 kwenda graundi. Anodi inakwenda kwenye praimari, na ncha ya pili ya praimari inakwenda kwenye ugavi. Sekondari: ncha moja graundi, nyingine spika.

Nyaya za hita zisokote pamoja, zipite kwenye kona ya chasisi. Graundi zote za upande mmoja zikusanye sehemu moja, kisha waya mmoja hadi kwenye kapasita ya ugavi, na kutoka hapo sehemu moja tu inagusa chasisi. Ethi ya ukutani inafungwa kwenye chasisi kwa bolti yake yenyewe. Sehemu hii ni ya uvumilivu zaidi kuliko akili.

Kuwasha mara ya kwanza

Unganisha taa ya zamani ya nyuzi ya wati 60 mfululizo na waya wa laivu. Washa bila valvu. Taa iwake kidogo kisha ififie. Ikibaki inawaka sana kuna shoti, zima. Pima volti 12 za hita na DC ya ugavi, kisha zima na uone kwamba inashuka yenyewe ndani ya dakika.

Sasa weka valvu, unganisha spika za zamani zisizo na thamani au rezista za omu 8 za wati 10. Usiwashe kamwe bila mzigo. Valvu ikikosa pa kupeleka nguvu, volti za praimari zinaruka na kutoboa kazi yote ya kusuka. Ondoa taa ya majaribio, washa, kaa nayo jicho kwa jicho. Chupa zinaiva rangi ya chungwa katikati, hiyo ni hita, ni sawa. Bati la kijivu la anodi likianza kuwa jekundu, zima mara moja.

Ugavi uwe 260 hadi 280. Anodi ya EL84 inakuwa pungufu kwa volti 6 au 7, kathodi 7 hadi 8, gridi sifuri. Gridi ikisoma volti chanya hata moja, kapasita ya nanofaradi 47 inavuja, au valvu ina gesi. Kwenye ECC83 utaona 160 hadi 170 kwenye anodi na kama 1.3 kwenye kathodi. Ugavi ukizidi 280, ongeza rezista ya omu 100 ya wati 5 kabla ya choki. Itakata volti 11.

Mrejesho

Hadi hapa inapiga, ila ina kelele ya kuzidi kwa nguvu na besi iliyolegea. Dawa ni mrejesho, yaani kurudisha sehemu ya sauti inayokwenda spika hadi mwanzoni ili makosa yajirekebishe. Chukua rezista ya kiloomu 27 kutoka ncha ya spika hadi kathodi ya ECC83 ya upande huo huo. Ukuzaji utashuka kwa kama desibeli 10, na simu yako itaisukuma hadi mwisho kwa nusu volti. Ikipiga mluzi au sauti ikaongezeka badala ya kupungua, zima na ugeuze ncha mbili za praimari. Wapo wanaoapa kwamba mrejesho unaua uhai wa sauti. Kwa pentodi siafikiani nao: bila mrejesho EL84 haiidhibiti koni ya spika, na gitaa la besi kwenye santuri za Tabora Jazz au Nyanyembe Jazz linageuka uji. Kama unataka kuishi bila mrejesho, ing'oe ile kiloomu 1 ya gridi ya pili na kapasita yake, unganisha pini 9 na pini 7 kwa rezista ya omu 100. Valvu inakuwa triodi, inatoa kama wati 2, na hapo kweli sauti ni laini. Kwa spika nyepesi ni chaguo zuri.

Mvumo ukibaki, usikilize. Mzito na mviringo wa hezi 50 unatoka kwenye hita, transfoma zilizokaribiana au graundi. Wenye makali, wa hezi 100, unatoka kwenye ugavi. Ukipunguza volyumu na mvumo ukapungua, tafuta kwenye waya wa kuingizia sauti.

Jambo la mwisho la kupima si la siku ya kwanza. Umeme wetu mchana unashuka, na saa nne usiku mashine za kusaga zikishazimwa unapanda. Washa saa hizo, acha nusu saa, pima kathodi ya EL84 ugawanye kwa 150. Mathalani volti 8.1 ni miliampia 54. Toa 5 za gridi ya pili, zinabaki 49. Zidisha kwa volti zilizopo kati ya anodi na kathodi. Zikiwa 265 umepata wati 13, juu ya kikomo cha 12. Badilisha omu 150 kwa omu 180, pande zote mbili, na upime tena usiku unaofuata.